Masikio na Mkanda Namba 114

Mzee tunayemsindikiza leo alizaliwa Alhamisi, tarehe 3 Machi 1955, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba. Baba yake alikuwa fundi cherehani na mama yake mkunga. Walikaa vyumba viwili, na cherehani ilikuwa katika chumba walicholala watoto. Kabla hajajua kusoma, alikuwa akicheza chini ya meza ya baba yake na kumwambia, "Baba, inakwaruza." Baba yake alimfukuza mara mbili tatu. Baadaye akawa anaikagua sindano kila akiambiwa hivyo, na mara nyingi aliikuta imepinda.

Alianza shule ya msingi mwaka 1962 na kumaliza sekondari mwaka 1972. Hakuwa mwanafunzi wa kushika namba za mbele. Ripoti zake, ambazo mama yake alizihifadhi kwenye kopo la biskuti, zinarudia lalamiko moja mwaka hadi mwaka: anatazama nje darasani. Walimu hawakujua kuwa hatazami, anasikiliza. Mwaka 1974 alijiunga na chuo cha ufundi, akahitimu mwaka 1976 na cheti cha mitambo ya redio.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa katika duka la kutengeneza redio. Duka lilikuwa na simu, na kila simu ilipitia kwa opereta mmoja mwenye sauti ya taratibu. Mwaka 1979 fundi wetu alianza kupiga simu nyingi kuliko kazi ilivyodai. Siku moja yule opereta akamwambia, "Kaka, namba unayoiomba haipokelewi tangu juzi. Unamtafuta nani hasa?" Akajibu, "Ninayemtafuta ameshapokea." Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 16 Agosti 1980, na wakajaliwa watoto watatu. Mjane wake, aliyekaa hapa mbele, anasema hadi leo hajui alipata wapi ujasiri ule, kwa sababu siku walipoonana ana kwa ana alishindwa hata kuomba maji ya kunywa.

Tarehe 1 Juni 1981 aliajiriwa kituo cha televisheni, idara ya sauti, na huko ndiko alikostaafu mwaka 2015. Wenzake walimpa jina la Masikio, na likamganda. Kazi yake ilikuwa kutengeneza zile sauti ambazo kamera haizipati vizuri: nyayo, mlango, mvua, kofi la shavuni. Mbavu zilizovunjika katika tamthilia za miaka ile zilikuwa kabichi. Jambazi alipotafuna mnofu, tulichosikia ni Masikio akimenya chungwa karibu na maikrofoni. Mkewe alikuwa akifungua kapu jikoni na kusema, "Kabichi yangu leo imekuwa mbavu za nani?"

Jumanne, tarehe 21 Februari 1984, alitumwa machinjioni kurekodi sauti ya ng'ombe. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na minane, kazi ni kazi, akaenda. Ng'ombe alikuwa jike la rangi ya kahawia, sikio moja limechanika. Maikrofoni ilikuwa imevikwa kifuniko chenye manyoya ya kuzuia upepo. Alipoisogeza, yule ng'ombe alinyoosha shingo akailamba. Ndipo wakamchinja. Mkanda ulipewa namba 114 katika maktaba ya sauti: sekunde tatu za kulamba, sekunde saba za kulia. Zile tatu hazikutumika popote. Zile saba zilitumika kila mahali.

Mchana ule alikula nyama kama kawaida. Alitaka hilo lisemwe, ili asionekane mtu aliyeamka siku moja akiwa bora kuliko wengine.

Mkanda ulikuwa safi, na mkanda safi hauachwi. Ng'ombe yule yule alikufa kwa ukame, kwa risasi, kwa kugongwa na lori. Alikufa akiwa fahali, akafa akiwa nyati. Waliwahi kupunguza kasi ya mkanda akawa meli inayozama. Nyumbani familia ilizoea kumwona Masikio akiinua kichwa mbele ya televisheni na kusema kwa sauti ndogo, "Ni yeye." Ilikuwa kama mtu anayemtambua jirani wa zamani barabarani.

Mwaka 1991 kipindi cha vichekesho kilimwonyesha mtu mnene akikaa kwenye kiti, kiti kikavunjika, na sauti iliyowekwa ilikuwa namba 114. Watazamaji walicheka. Nyumbani watoto nao walicheka, na binti yake mkubwa, aliyekuwa na miaka tisa, aliiga ule mlio akizunguka meza. Masikio alisukuma sahani yake pembeni, akasema ameshiba. Tangu jioni ile hakula nyama wala samaki, na mwaka uliofuata aliacha mayai, maziwa na asali. Viatu vyake vikawa vya turubai. Hakumgombeza mtoto. Hakumwambia mtu yeyote ale nini. Mkewe alipika sufuria mbili kwa miaka kumi na moja, kisha akachoka, akabaki na moja, ya mumewe.

Utani haukukosekana. Shemeji yake, mdogo wa mkewe, mwenye bucha, hakupitisha sikukuu bila kuuliza, "Sasa shemeji, wewe ukimaliza majani, ng'ombe atakula nini?"

"Yatabaki," alijibu. "Mimi si mlafi kama wewe."

Kazini mambo yalikuwa mazito kidogo. Aliandika barua akiomba mkanda ule uondolewe. Mkuu wa idara wa wakati huo alimwita ofisini. "Masikio, ng'ombe huyu keshakufa. Hata tukiufuta mkanda, hafufuki."

"Najua, mzee. Lakini alikufa mara moja. Sisi tunamchinja kila wiki."

Akaambiwa alete sauti nyingine yenye ubora ule ule, hata isipotoka machinjioni kama hataki. Alijaribu kwa miaka. Alijaribu bawaba ya geti, bomba la plastiki, puto lililoloweshwa, honi ya baiskeli iliyozibwa kwa kitambaa. Jibu lilikuwa moja: "Masikio, huyu ni ng'ombe wa bati."

Alipostaafu alifundisha kila Jumatano katika chuo cha filamu. Aliwaambia wanafunzi watazame filamu yoyote waipendayo, na kila akionekana mnyama waandike majibu ya maswali matatu. Alikuja vipi? Alifanyishwa nini? Mwongozaji aliposema "kata", alienda wapi? Wengi walirudi darasani na majibu ya swali la pili tu. Aliwaonyesha filamu ambamo familia inamlilia mbwa aliyepotea huku inakula kuku, na hakuna anayeona ajabu. "Kwenye filamu," alisema, "mbwa hupewa jina, kuku hupewa mchuzi." Aliwaonyesha tangazo la kuku wa kukaanga ambamo kuku mwenyewe anacheka na kukonyeza jicho, akasema hajawahi kukutana na mtu anayejitangaza aliwe. Mwanafunzi mmoja alimwambia, "Mwalimu, si filamu tu? Ni maigizo." Akajibu, "Damu ndiyo ya maigizo. Kuku alikuwa wa kweli."

Aliona pia kwamba katika tamthilia mtu asiyekula nyama huwa mwembamba, ana miwani, na lazima akimbiwe na mchumba. Mkewe akasema, "Mbona mimi sikukimbia?" Akasema, "Kwa sababu sina miwani."

Novemba 2021 alianza kukosa pumzi akipanda ngazi. Vipimo vilionyesha mapafu yanakakamaa taratibu, na daktari alisema wazi kuwa dawa zitapunguza mwendo tu, hazitarudisha kilichokwenda. Masikio aliuliza swali moja: "Nitabaki na pumzi ya sekunde ngapi?" Daktari alidhani anatania.

Hakuwa anatania. Mwaka 2022 idara ya sauti ilipata mkuu mpya, mwanadada ambaye Masikio ndiye aliyemfundisha kazi. Masikio alimwendea na ombi lile lile la miaka thelathini. Mkuu yule alimpa sharti la haki: waongozaji watatu watasikilizishwa sauti mbili bila kuambiwa lolote, na wakishindwa kujua ipi ni ya ng'ombe, namba 114 itaondoka. Safari hii Masikio aliamua kutumia koo lake mwenyewe. Alifanya mazoezi bafuni asubuhi na mapema, mpaka jirani akaja getini kumwuliza mkewe, kwa adabu kabisa, "Mama, mmefuga ng'ombe?"

Jaribio la kwanza, Februari 2023, lilishindwa. Mwongozaji mmoja alisikiliza mara moja akasema, "Huyu anaigiza." Masikio alirudi nyumbani akalala siku mbili. Sauti ile ilihitaji sekunde saba, na wakati huo alikuwa na nne.

Jumamosi, tarehe 11 Machi 2023, yule mkuu wa idara alikuja nyumbani na vifaa vyake. Waliegemeza magodoro mawili dirishani, wakafunga mlango wa chumba cha kulala. Walirekodi mara tisa bila mafanikio. Kabla ya mara ya kumi Masikio alitoka kwenda kunawa uso, na aliporudi, ile safari fupi tu ilikuwa imemmaliza pumzi. Aliketi ukingoni mwa kitanda akihangaika kuvuta hewa. Mkewe akasema, "Inatosha, Baba Watoto. Inatosha." Aliinua kidole kimoja amsubirishe, akasogea kwenye maikrofoni, akaitoa ile sauti. Haikuwa ya kuigiza. Akavuta hewa, akatoa tena. Mkewe akageukia ukuta.

"Tumeipata?" aliuliza alipoweza kusema.

"Tumeipata, Mwalimu. Pumzi mbili nitaziunganisha."

Waongozaji wawili waliichagua sauti yake kuwa ndiyo ya ng'ombe wa kweli. Wa tatu alisema zote mbili ni za kweli. Barua ilifika tarehe 4 Julai 2023: namba 114 imefutwa, mkanda pamoja na nakala zake zote, isipokuwa sekunde tatu za mwanzo, kwa ombi la fundi mwenyewe. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akaomba chai ya rangi.

Mei mwaka huu, Alhamisi moja, familia ilikuwa sebuleni ikitazama tamthilia yenye kisa cha ukame. Ng'ombe alianguka na kulia. Shemeji yake, ambaye hakuwa ameambiwa lolote, aliacha kutafuna karanga. "Maskini," akasema. "Huyu wamemwumiza kweli."

Masikio alicheka hadi mkewe akamletea mashine ya hewa. Alipotulia akamgeukia shemeji yake, akajielekezea kidole kifuani. "Ni mimi."

Shemeji alimtazama, akaitazama televisheni, akamtazama tena. "Miaka thelathini na tatu nakutania," akasema, "umesubiri kunilipa leo?" Binti mkubwa wa Masikio alikuwepo pia. Wakati ng'ombe analia hakucheka, na baba yake aliliona hilo, akampapasa mkono.

Alilazwa tarehe 29 Agosti, wodi ya wanaume, kitanda cha mwisho karibu na dirisha. Usiku hakulala vizuri kwa sababu ya toroli la dawa. Alimwambia muuguzi, "Gurudumu la nyuma, kushoto. Litieni mafuta." Walilitia. Jumapili, tarehe 8 Septemba 2024, saa moja na dakika kumi asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono, toroli lilipita bila kelele. Alitabasamu kidogo, na muda si mrefu akakata roho. Alikuwa na umri wa miaka sitini na tisa.

Ameacha mjane, mabinti wawili na mwana mmoja, wajukuu watano, dada wawili na kaka mmoja, wanafunzi wengi, na shemeji mmoja ambaye amefunga bucha yake tangu Jumapili na ndiye aliyesimamia chakula cha leo: wali, maharage na mboga. Hakutaka kusaidiwa.

Familia inawashukuru wauguzi wa wodi, idara ya sauti, na jirani aliyeuliza kuhusu ng'ombe, maana mzee alimsimulia kila aliyekuja kumjulia hali.

Kuanzia sasa, mkitazama televisheni na ng'ombe akalia kwa kufa, anayelia ni fundi wetu, wala haumii tena. Na siku moja mkisikia ng'ombe akilamba kitu polepole, huyo ni yule wa kahawia mwenye sikio lililochanika, akiwa bado hajui lolote.

Apumzike kwa amani. Naye yule ng'ombe, baada ya miaka thelathini na tisa kazini, apumzike pia.