Turubai na Maswali Kumi

Saa nne na dakika kumi asubuhi, siku ya Alhamisi, mtihani ulifunguka kwenye simu ya Katibu kwa mara ya tatu, na mara ya tatu ndiyo ya mwisho. Maswali kumi, dakika ishirini, alama za kupita saba. Simu ilikuwa mkononi na mkono ulikuwa juu, maana mtaa mzima mtandao unashika mahali pamoja tu: kwenye benchi la muuza kahawa, pale ukuta wa ghala unapoishia na mnara wa mlimani kuonekana. Katibu ni fundi cherehani, na ukatibu wake ni wa kikundi chenye viti themanini na turubai moja, vinavyokodishwa kwa harusi na kuazimwa bure kwa misiba. Kulia kwake alikaa mwenyekiti, dereva mstaafu wa lori aitwaye Breki. Jina alipewa barabarani, vikao vikalithibitisha. Kushoto alikaa mweka hazina, fundi viatu aitwaye Wakili, ambaye hakusoma sheria ila katiba ya kikundi aliiandika yeye, kwa kalamu nyekundu. Muuza kahawa mwenyewe, Birika, hakuwa mwanachama, na jambo hilo halikuwahi kumzuia kuchangia hoja.

Turubai lilikuwa na miaka kumi na moja. Aliyekuwa akilishona kila lilipochanika ni Katibu, mpaka mwezi uliopita sindano ilipokataa. Kitambaa cha katikati kilikuwa kimeoza. Kila tundu la sindano lilizaa mpasuko mpya. Mfuko mmoja unaosaidia vikundi ukatangaza kutoa maturubai kwa masharti mawili: mpango wa biashara, na cheti cha mafunzo ya fedha yanayotolewa kwa simu. Mpango alikuwa ameuandika na kuugongesha muhuri. Mafunzo alikuwa ameyafuata wiki sita, akija kwenye benchi hilo alfajiri kabla Birika hajawasha jiko. Kilichobaki ni cheti, na maombi yalikuwa yanafungwa siku hiyo saa sita mchana.

Kikwazo kilikuwa kifungu cha tisa cha katiba: jibu lolote linalotolewa kwa jina la kikundi sharti likubaliwe na viongozi wote watatu. Kiliwekwa baada ya katibu aliyetangulia kuuza viti arobaini kwa uamuzi wake mwenyewe. Kwa hiyo mara ya kwanza muda uliwaishia kwenye swali la nne. Mara ya pili, kwenye la saba.

Katibu: Swali la kwanza. "Mteja wenu mkuu ni nani?" A, wafanyabiashara. B, familia zenye shughuli. C, ofisi za umma. D, watalii. Ni B. Nabonyeza.

Breki: Ngoja kwanza.

Katibu: Mzee wangu, tunangoja nini?

Breki: Haraka haraka haina baraka. Mwaka jana viti vilitoka mara thelathini. Misiba peke yake ishirini na miwili. Mteja wetu mkuu ni marehemu.

Wakili: Marehemu hana uwezo wa kuingia mkataba.

Breki: Na bila yeye nani angekuja kuchukua viti?

Birika: Mteja ni anayekalia kiti. Marehemu hakai, analala.

Katibu: Hilo swali mlilijibu juzi! Mkalijibu na Jumatatu! Ni B!

Wakili: Sawa. Ila iandikwe kwamba nimekubali kwa shingo upande.

Katibu alibonyeza. Dakika moja na nusu ilikuwa imekwenda. La pili liliuliza mali kubwa ya kikundi ni ipi. Breki akasema watu. Wakili akasema viti, kwa kuwa watu hawana namba za rangi mgongoni. Birika akasema ni benchi lake, bila hilo wasingekuwa na mafunzo wala mtihani. Dakika mbili zikaenda. Katibu alihamishia simu mkono wa kushoto, mshale wa mtandao ukashuka, akairudisha mkono wa kulia. Sauti ya mwanamke ikasema kwa upole: "Karibu kwenye swali la tatu."

Breki: Hebu rudisha hiyo sauti.

Katibu: Hairudi, mzee. Ni ya mwalimu.

Breki: Mwalimu wa wapi! Tangu juzi naisikiliza, najiuliza nimeisikia wapi. Ni yule dada wa "salio lako halitoshi".

Birika: Haki ya Mungu, ndiye!

Wakili: Basi hapo pana mgongano wa maslahi. Anayekula vocha zetu hawezi kutusahihishia mtihani.

Breki: Miaka yote ananiambia salio halitoshi, leo ananifundisha kuweka akiba. Kikulacho ki nguoni mwako, na simu yangu inakaa mfukoni!

Birika: Na unajua ameolewa? Mumewe ni yule wa mashine ya benki, wa "tafadhali subiri". Watoto wao ndio hawa wa "unayempigia hapatikani".

Katibu: Jamani. Nawaomba. Dakika kumi na tano. "Kama kikundi cha mbali, changamoto yenu kubwa ni ipi?"

Wakili: Pinga hilo swali.

Katibu: Halipingwi. Lina A mpaka D.

Wakili: Mbali na wapi? Mimi kutoka kwangu mpaka hapa ni hatua arobaini. Wao ndio wako mbali. Sijawahi kuwaona hata siku moja.

Breki: Kweli. Kama kuna wa mbali, ni huyo dada.

Katibu: A, mtandao. Ni A! Mkono wangu uko hewani tangu saa nne na tunajadili nini?

Walikubali A, baada ya Breki kutaka kujua kama kukubali A ni kukubali kwamba wako mbali, na Wakili kumhakikishia kwamba ni kukubali bila kukiri. La nne likawachukua muda mfupi. Katibu aliona mwanga wa matumaini, akajizuia kufurahi. Alikwishawazoea watu hawa. La tano lilikuwa lile lililowachelewesha juzi.

Katibu: "Kikundi chenu kinatoa huduma ya bure. Hatua bora ni ipi?" A, kuisitisha. B, kuitengea bajeti kutoka kwenye huduma ya kulipia. C, kukopa. D, kuwaomba wahitaji wasubiri.

Breki: D itupwe mbali. Mtu amefiwa umwambie asubiri? Asubiri mpaka lini, msiba uwe kumbukumbu?

Katibu: Imetupwa. B basi?

Wakili: Mali bila daftari huisha bila habari.

Katibu: Ahsante, Wakili! Ndiyo maana yake B.

Wakili: Hapana. Maana yake tusiandike popote kwamba tunatoa bure. Habari zikienea, watakuja mpaka wa mtaa wa pili.

Katibu alifumba macho. Wiki sita zilizopita, katika somo la kwanza, yule dada alisema uvumilivu ni mtaji. Hakusema unazaa riba kiasi gani.

Birika: Mimi nawaambia, hawa hawawafundishi. Wanajifunza kwenu.

Breki: Kivipi?

Birika: Fikiri. Wanauliza viti vingapi, misiba mingapi, mnatoza nani, hamtozi nani. Wakishamaliza kuwauliza wa hapa, wanauliza na wa kule. Siku moja asubuhi mnaamka, mtu ameteremsha viti elfu nane.

Breki: Ndio maana kuna saa inayorudi nyuma! Mtu asipate nafasi ya kutaja bei ya akili yake.

Wakili: Tudai hakimiliki.

Birika: Tena msishangae, kesho wataleta malengo. Robo ya kwanza ya mwaka, misiba sita. Mkipata mitano, mnaandikiwa barua mjieleze.

Breki: Mimi mwenyekiti niende kwa jirani nimwambie jitahidi, tumebakiwa na mmoja?

Katibu: Imetosha! Imetosha, wazee wangu! Mnakumbuka mvua ya msiba wa mwezi uliopita? Mnakumbuka yule binti alivyoshikilia beseni juu ya kichwa cha baba yake tangu mwanzo wa ibada mpaka mwisho? Nilikuwa nimesimama nyuma yao. Mshono ulioachia ni wa kwangu. Sasa niambieni, B au si B?

Breki: B.

Wakili: B. Ila kwa shingo…

Katibu: Shingo yako naijua.

Lililofuata lilienda upesi, na la saba nalo, kwa kuwa Breki alikuwa bado anaona haya. Ilikuwa imebaki dakika tano kasoro. Katibu alianza kusoma la nane, Wakili akainua kidole, na ndipo wote wakaona kwamba mtu alikuwa amesimama mbele yao. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu. Vifungo vya shati lake vilikuwa vimepishana tundu moja, upande mmoja wa kola ukiwa juu kuliko mwingine.

Mgeni: Samahanini. Nimeelekezwa kwamba wenye viti wanapatikana hapa.

Breki: Umefika. Kaa, upate kikombe.

Mgeni: Sitakaa, mzee. Mama amefariki alfajiri. Tunazika leo saa kumi.

Breki: Pole sana, mwanangu.

Wakili: Pole, ndugu yangu. Mungu awatie nguvu.

Mgeni: Ahsanteni.

Breki: Viti vipo, turubai lipo. Kwa msiba hatuchukui kitu.

Mgeni: Nashukuru sana.

Alitazama juu. Upande wa mlimani mawingu yalikuwa yameshaficha nusu ya mnara.

Mgeni: Mvua ikinyesha, linavuja?

Breki alitazama viatu vyake. Wakili alichukua kiatu cha mteja kilichokuwa mapajani, akakigeuza soli juu, akakigeuza tena. Birika alimimina kahawa kwenye kikombe kilichokuwa kimejaa, ikamwagika mpaka kwenye sahani, naye akaendelea kumimina. Watu hawa walikuwa wamebishana juu ya marehemu na mikataba, juu ya dada wa salio na ndoa yake. Swali hili halikuwa na A wala B, na hakuna aliyesema ngoja. Sekunde ishirini zilikwenda. Katibu alijua idadi yake kwa sababu saa ilikuwa mbele ya macho yake inahesabu.

Katibu: Linavuja, kaka yangu. Pale katikati lina mpasuko wa ukubwa wa godoro. Tutapanga viti pembeni, katikati tutapaacha wazi. Upande wa kulia ni mzima. Familia tutaiweka huko.

Mgeni: Basi sawa. Nilitaka tu kujua bibi nimkalishe wapi. Mama alikuwa mwanawe wa mwisho.

Katibu: Kulia. Safu ya pili, si ya kwanza. Ya kwanza upepo unaleta manyunyu.

Wakili: Katibu, kwa mujibu wa kifungu cha tisa, jibu la…

Katibu: Wakili, nakuheshimu sana. Kama mimi nimekosea, jibu wewe. Mwambie halivuji.

Wakili alikiweka kiatu chini.

Katibu alirudisha macho kwenye simu. Dakika mbili na sekunde kumi, maswali matatu. Hakuyasoma kwa sauti. Aliyasoma kama alivyokuwa akisoma masomo yake alfajiri, midomo ikicheza, akabonyeza mara tatu, akabonyeza tena kutuma. Breki aliona. Akamwacha. Duara dogo lilizunguka kwenye kioo kwa muda uliotosha mgeni kugundua shati lake na kuanza kulifungua vifungo ili alifunge upya.

"Hongera," ilisema sauti ya mwanamke. "Umepata saba kati ya kumi."

Hakuna aliyepiga makofi. Katibu aliambatisha cheti kwenye mpango wa biashara akavituma. Saa nne na dakika thelathini na nane ujumbe uliingia. Huo aliusoma kwa sauti, maana ulihusu kikundi: maombi yamepokelewa, majibu yatatolewa ndani ya siku tisini.

Breki: Siku tisini!

Birika: Sikuwaambia? Ni mume wake huyo. "Tafadhali subiri."

Breki: Sisi tupewe dakika ishirini, wao wajipe siku tisini! Kwa mizani gani?

Wakili: Tukate rufaa. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.

Katibu: Rufaa ya nini? Tumeshinda!

Breki: Tumeshinda halafu tunasubiri? Hata barabarani, ukishapewa njia, unapita.

Birika: Wanasubiri msimu wa mvua uishe, ili muwaambie hamlihitaji.

Wakili: Hapo umenena. Na kifungu cha kumi na nne kinasema…

Mgeni: Samahanini, wazee. Mimi nazika leo saa kumi.

Breki alikuwa wa kwanza kusimama. Wakili alifunga sanduku lake la viatu na kulisukuma chini ya benchi. Birika aliulizwa kama mkokoteni wake una kazi, akajibu kwamba hauna, na kwamba hata kama ungekuwa nayo, ingesubiri.

Saa nane mchana viti sabini na sita vilikuwa vimefika nyumbani kwa wafiwa, kwa safari nne. Vinne havikuwa na miguu ya kuaminika, vikaachwa. Saa nane na nusu turubai lilifungwa kwenye nguzo. Katibu alitembea chini yake akitazama juu, akachora mstari kwa kisigino kuzunguka mahali palipochanika, na viti vikapangwa nje ya mstari huo. Waombolezaji waliokuja baadaye walipita pembeni bila kuuliza.

Mvua ilianza saa tisa na dakika arobaini, ikanyesha kwa robo saa. Bibi alikuwa upande wa kulia, safu ya pili. Hakulowa.