Mtemi Racibor wa Starzno, Aliyetolewa Rehani

Mheshimiwa Abati, kaka yetu Mtemi Odon, wakuu wa ngome, watu wa Starzno, na ninyi wachache mliovuka mto kutoka upande wa Wajerumani, tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Wisława, dada wa marehemu, na kwa kuwa mjane bado anasitasita katika lugha yetu, ameniomba niwasomee maisha ya mumewe, nami nitayasoma yote.

Marehemu alizaliwa katika ngome ya Krobin tarehe 10 Novemba 1238, mkesha wa Mtakatifu Martino, akiwa kitinda mimba wa Mtemi Lestko na mama yetu Eufemia, ambaye hakuamka tena kutoka kitanda cha uzazi, hivyo mtoto akalelewa mikononi mwangu. Mwaka 1245 alipelekwa kwa watawa wa Lubinek, akajifunza Kilatini na kuimba zaburi, na walimu wake walitamani abaki huko awe padri.

Haikuwa hivyo, kwa sababu baba yetu alishindwa vitani na margrafu, yule mtawala wa Kijerumani wa ng'ambo ya mto Odra, akatakiwa atoe mtoto mmoja awe rehani ya amani, na kwa vile Odon alikuwa mrithi, nami nilikwisha kuposwa, Racibor alitolewa darasani akiwa na miaka tisa. Baba alimwambia pale langoni, "Ukae vizuri huko, mwanangu, maana nikivunja ahadi, wewe ndiye utakayelipa." Mtoto akamjibu, "Basi usiivunje, baba."

Baba hakuivunja. Alifariki mwaka 1253, na kiangazi kilichofuata Odon, akiwa mtemi mpya, alivuka mto akachoma vijiji viwili. Nilipiga magoti mbele ya meza yake nikamwambia, "Kaka, watamuua mtoto!" naye, mdomo umejaa nyama ya bata bukini, akasema, "Wisia, acha kelele, wakimuua tutapata sababu nzuri zaidi ya kupigana." Hawakumuua, ila walimkata vidole viwili vya mkono wa kuume, wakavileta Krobin vimefungwa kitambaani, na vita havikusimama hata siku moja.

Marehemu alirudi nyumbani mwaka 1262, alipobadilishwa na mateka wa Kijerumani, akiwa kijana mrefu, mpole, anayeshika upanga kwa mkono wa kushoto. Kwenye karamu ya kumkaribisha, wakuu walimcheka matamshi yake, na Odon, akichagua neno ambalo ulimi wa Mjerumani hulikwaa, akasema, "Haya, Mjerumani wetu, tutamkie 'dengu' tukusikie!" Racibor akajibu, "Dengu naitamka, kaka. Ndugu ndiyo inayonishinda." Baada ya maneno hayo alipewa Starzno, ngome ya magogo katikati ya kinamasi, mpakani kabisa, mahali ambapo adui hufika kwanza na msaada hufika mwisho, lakini aliipenda, akakausha mashamba, akajenga kinu, na wakulima waliokuwa wamekimbilia msituni wakarudi.

Tarehe 8 Septemba 1264 alifunga ndoa na Matylda, binti wa askari farasi wa upande wa pili, ndoa ambayo huko Krobin iliitwa usaliti, na Mungu aliwajalia watoto wawili, Lestko, aliyefariki kwa ndui mwaka 1269, na Bogna, mwenye umri wa miaka tisa.

Mwezi Machi mwaka huu wa 1275 Odon alivuka mto tena, akaswaga ng'ombe wa margrafu hadi Krobin, akatuachia sisi wa Starzno ghadhabu ya mwenye mali. Jeshi la margrafu lilipokuja, marehemu alituma mjumbe Krobin kuomba askari, naye akarudi na jibu hili la Odon, "Mwambie aongee nao, si anajua lugha yao?" Aliongea nao. Alitoka peke yake bila kofia ya chuma, akawaombea wakulima njia ya kutoka, akakubaliwa, na walipokwisha kupita wote alirudi ukutani na watu wake, ambako alichomwa mshale pajani. Ngome haikutekwa, lakini kidonda kilioza, na alfajiri ya tarehe 2 Mei marehemu aliaga dunia.

Kwa niaba ya familia, namshukuru mganga Konrad, aliyetumwa na margrafu mwenyewe, adui yetu, akamuuguza marehemu hadi pumzi ya mwisho, nawashukuru majirani waliotuletea asali na maziwa, na namshukuru kaka yetu Odon, ambaye hakuleta askari hata mmoja, kwa mishumaa mizuri aliyoileta leo.

Asubuhi hii Odon ametuarifu kwamba kuna mapatano mapya na margrafu, yanahitaji rehani, na rehani hiyo ni Bogna. Odon ana wana watatu wazima, wamekaa pale mbele. Tumemjibu hapana, Matylda na mimi. Mwisho, basi, nawashukuru wanaume wa Starzno, ambao tangu ibada ianze wamesimama milangoni na mashoka yao, si kwa kumzuia yeyote asilie, bali ili mtoto huyu atoke humu akiwa ameshikwa mkono na mama yake.

Pumzika, Racibor, kwa amani ambayo ukiwa hai hukupewa.