Kadi ya Kura kwenye Barabara ya Luano

Katika basi la kwenda Luano, kando ya Lubumbashi, mzee aliyekaa mbele yangu alimweleza mama aliyekaa kando yake kwamba Kongo inahitaji mfalme. “Kura zinaleta fujo tu, Mama.”

Mama huyo, muuza vitenge kutoka Butembo, mbali kaskazini, alicheka. “Na mimi, Papa, kwa mufalme wenu ntakuwa nani?”

“Mugeni wetu.”

“Mugeni banamufukuzaka wakati banapenda. Mimi niko na kadi ya kura, niko mwenye inchi.”

Hoja ilikuwa sahihi: kwetu kadi hiyo ndiyo kitambulisho. Mbele, kwenye kizuizi, askari walikuwa wakiwashusha abiria wa mabasi mengine wasio nacho. Mama akaitoa yake. Wino ulikuwa umefutika. Jina halikusomeka, na picha ilikuwa doa la kijivu.

Akamgeukia mzee. “Papa,” alinong'ona, “bakiuliza, useme niko mugeni wako.”

Basi likasimama.