Vitabu Alivyovirudia Mwalimu Kahambu

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia tunawasomea maisha ya dada yetu mkubwa, Kahambu Julienne, aliyezaliwa Butembo, Kongo, tarehe 14 Machi 1946, akaletwa na wazazi wetu hapa Katwe, Kampala, mwaka 1954, mbishi tangu utotoni, ukimwambia maji ni ya moto ni lazima ayaguse.

Mwaka 1967 aliingia chuo kikuu kusomea fasihi ya Kiingereza, ambako mwalimu wao aliwazoesha kuandika kwa penseli pembeni mwa ukurasa, pamoja na tarehe, na kila wakikirudia kitabu waongeze wazo jipya bila kufuta la zamani. Alihitimu mwaka 1970, akaanza kufundisha sekondari ya wasichana Januari 1971, na wanafunzi wake nao akawazoesha vivyo hivyo.

Tarehe 12 Agosti 1972 alifunga ndoa na shemeji yetu Kasereka, fundi wa kuchomelea vyuma, wakahamia Old Kampala, wakajaliwa Perpétue mwaka 1973 na Mathieu mwaka 1975.

Mwanzoni mwa mwaka huu wa 1977, maduka yakiwa hayana vitabu, yeye na Alum, rafiki yake wa chuoni, walianza kukutana kila Jumamosi mchana kurudia vitabu vyao vya zamani, na katika tamthilia moja ya mfalme anayewamaliza watu wake mwenyewe alikuta maandishi yake ya mwaka 1968, kwamba hadithi hii haiaminiki, hakuna watu ambao wangemvumilia mfalme kama huyo. Chini yake akaandika, "5 Machi 1977. Nilikuwa mtoto. Anavumiliwa."

Alum alimsihi afute, akamsihi tena kwa machozi, naye akajibu, "Nikifuta, Jumatatu nitaingia darasani kufundisha nini?" Jumatatu hiyo akakipeleka kitabu shuleni, maana kilikuwa nakala pekee, kikapita mikono mingi ambayo hatuwezi kuihesabu, na tarehe 22 Machi watu watatu walimfuata darasani, mmoja wao akiwa amekishika.

Kuhusu ugonjwa wake, karatasi tuliyopewa pamoja na mwili tarehe 29 Machi inasema homa, nasi tunaisoma ilivyoandikwa. Waliomwosha wanajua walichokiona.

Tunawashukuru madaktari waliotia saini, ingawa hatukuonana nao, majirani waliokaa na watoto, walimu wenzake waliothubutu kufika, na ninyi mliosimama karibu na lango, tusiowafahamu, kwa kusikiliza mpaka hapa.

Tulipanga maneno haya yasomwe na Alum, lakini aliondoka nyumbani Alhamisi asubuhi kwenda kutafuta sanda, na hadi sasa hajarudi. Mwenye habari zake, hata mbaya, amwambie mama yake, aliyeketi hapa mbele.

Dada Kahambu, lala kwa amani, hawatakufuata tena.