Kesi ya Simu ya Hyasinta

Sisi wa kijiwe cha Kitaji hatuna tabia ya kushindwa na jambo. Benchi letu liko mbele ya kibanda changu cha kushona viatu, hapa Musoma mjini, na Jumapili watu wakitoka kanisani ndipo linapojaa, maana Matrida anakuja na birika lake la kahawa na sinia la kashata. Hapo tumeshamaliza matatizo ya hospitali, ya ziwa, ya ndoa za watu na ya timu ya taifa, na yote tumeyamaliza vizuri tu. Jumapili hiyo akaja Masatu, fundi baiskeli, na barua ya shule mkononi. Binti yake Hyasinta, wa kidato cha nne, alikutwa na simu bwenini. Alirudishwa nyumbani Alhamisi, na Jumatatu saa tatu asubuhi baba mtu alitakiwa mbele ya bodi ya shule aeleze kwa nini mtoto asifukuzwe. Mtihani wa taifa ulikuwa Novemba. Ilionekana wazi kwamba Masatu hajalala siku tatu. Tukamwambia akae, amefika penyewe.

Wa kwanza kuipokea barua alikuwa Leodgar, ambaye tunamwita Wakili. Sheria hajasoma hata ukurasa mmoja, ila kila wiki anakaa mahakama ya mwanzo kusikiliza kesi za watu, na anarudi na Kiswahili kizito.

Wakili: Hapa wameandika "amekutwa na simu". Hawajaandika "alikuwa anaitumia". Kesi imeisha hii.

Masatu: Imeishaje?

Wakili: Mtu akikutwa na jembe, amelima?

Pembeni yake alikuwepo Paschal, anayeuza vocha na kusajili laini. Huyu tunamwita Bando.

Bando: Acha kumpoteza mwenzio. Masatu, wewe kubali simu ni ya mtoto, halafu wape ukweli wao. Siku hizi watoto hawasomagi kwa mwalimu, wanasoma kwa simu. Pale Bunda kuna kijana amejifunza kufunga sola kwa kuangalia video tu. Amefunga nyumba nzima ya shangazi yangu.

Mimi: Inawaka?

Bando: Inawakaga mchana.

Wakili: Umeona? Elimu ya simu inaingilia machoni, ya daftari inaingilia mkononi. Ya machoni ukipepesa tu imetoka. Mimi barua ya posa niliandika kwa mkono, mpaka leo naijua neno kwa neno.

Bando: Na ulikataliwa.

Wakili: Nilikataliwa, lakini naijua.

Matrida akacheka mpaka kahawa ikamwagika. Masatu hakucheka. Alikuwa anamtazama kila anayesema, huyu kisha yule, kama mgonjwa kati ya madaktari wawili.

Bando: Sikiliza hesabu hii. Video unaweza kuikimbiza mara mbili. Mtoto akisoma hivyo, miaka minne anaimaliza kwa miwili. Hyasinta saa hii kiukweli yuko kidato cha sita, shule ndo haijajua.

Wakili: Basi na wewe Masatu jiandae. Kichwa kikikimbia mara mbili, na umri unakimbia. Mwakani anakuletea mchumba.

Na mimi sikukubali kupitwa. Niliwaambia walimu wataishia kama vile vibanda vya simu vya posta tulivyokuwa tunavipangia foleni. Miaka kumi ijayo, nikasema, shuleni patabaki jiko peke yake, watoto waende kula na kurudi nyumbani kwenye simu zao. Nililisema kwa uhakika kabisa, na mpaka jioni ile nilikuwa naliamini.

Masatu: Sasa kesho nisemeje?

Wakili: Tufanye mazoezi. Mimi ndo mwenyekiti wa bodi. Simama. Vua kofia.

Masatu akasimama, akavua kofia. Wakili alivuta kigoda changu cha kazi, akakaa, akakunja uso.

Wakili: Mzazi, hiyo simu ni ya nani?

Masatu: Ni ya mtoto.

Bando: Hapana, sema ni yako. Mzazi wanamuogopa.

Masatu: Ni yangu.

Wakili: Iliingiaje bwenini?

Masatu: Ilitumbukia kwenye begi nikiwa nampakia nguo.

Wakili: Na barua inasema ilikutwa kwenye kopo, chini kabisa ya sukari. Ilifikaje huko?

Masatu akatutazama. Bando akapendekeza aseme ilizama kwa uzito wake. Wakili akaona jibu hilo lina nguvu za kisheria, wakarudia mara tatu mpaka Masatu akalishika. Alikuwa anatoka jasho, mtu mzima, anasema uongo wa sukari mbele ya watu.

Pale kwenye benchi alikuwa amekaa mama mmoja, Ghati, wa Mugeta. Alikuja mjini kwenye ubatizo wa mjukuu, kandambili ya ngozi ikamkatikia njiani, akawa anasubiri nimshonee. Muda wote huo alikuwa anakunywa kahawa yake kimya.

Ghati: Samahani baba zangu. Huyo mtoto alikuwa anasomaga nini humo kwenye simu?

Wakili: Hilo mama ni swali la ziada.

Ghati: Mimi ningekuwa hiyo bodi, nisingeuliza lingine.

Sindano yangu ilisimama kwenye ngozi. Tulimgeukia Masatu wote. Alikuwa anazungusha kofia mkononi.

Masatu: Sijamuuliza.

Ghati: Tangu Alhamisi?

Masatu: Nilimwambia asifungue mdomo mpaka nimalizane na bodi.

Niliona aibu, na sijui kama wenzangu waliona, ila mimi niliona. Saa nzima tulikuwa tumemsomesha baba wa watu kudanganya. Masatu akatoa simu yake ya kitochi, akampigia mkewe, akaomba apewe mtoto. Bando akamfungulia spika bila kuombwa.

— Shikamoo baba.

— Marahaba. Hyasinta, ulikuwa unasoma nini kwenye ile simu?

Kuku walisikika kule nyumbani.

— Unaniuliza unichape?

— Nauliza nijue.

— Fizikia, baba. Mwalimu wetu alihama mwezi wa pili, hajaletwa mwingine. Tuko wasichana tisa. Mchana kwenye mapumziko tunaangalia video, halafu mimi nawaelezea wenzangu kwa Kijita, maana Kiingereza cha kwenye video kinakimbia.

— Unawaelezea nini?

— Tulikuwa tumefika kwenye mwanga. Baba, si ulikuwaga unachoma samaki, kamongo, kwa mkuki na babu kule ziwani Makoko? Mkuki mlikuwa mnalenga wapi?

— Chini kidogo ya pale unapomuona.

— Kwa nini?

Masatu alimtazama Wakili. Wakili alimtazama Bando, Bando akatazama kikombe. Sote tumekulia ziwani, sote tunajua kwamba samaki aliye majini unamlenga chini yake, na hakuna aliyewahi kutuambia sababu. Wala hatukuwahi kuiuliza.

— Ndivyo inavyolengwaga, mwanangu, Wakili akaiambia simu taratibu.

— Ndiyo baba mdogo, lakini kwa nini?

Nimeshona viatu pale miaka kumi na moja, na neno alilolisema Masatu sikuwahi kulisikia kwenye benchi lile.

— Sijui, akasema. Niambie.

— Samaki hayuko pale unapomuona, baba. Mwanga ukitoka majini kuingia hewani unapinda. Jicho halijui kama umepinda, lenyewe linadhani umenyooka, kwa hiyo linakuonyesha samaki yuko juu kuliko alipo. Ukilenga unapomuona, mkuki unapita juu yake.

Ghati alitikisa kichwa polepole. Matrida alikuwa ameshika birika hewani, hamimini.

Wakili: Sasa ile ya sukari tunaiweka wapi?

Masatu alimnyamazisha kwa mkono, akaisogeza simu karibu na mdomo.

— Rudia hapo mwanga unapopindia, mwanangu. Polepole. Kesho nataka niwaeleze mwenyewe.