Mpiga Mbiu wa Sialhmun: Maisha ya Pi Sawmliani, 1956–2024

Pi Sawmliani alikuja duniani tarehe 9 Novemba 1956 hapa hapa kijijini Sialhmun, mtoto wa nne wa Pu Khuangthanga na Pi Neihzovi (kwetu Pu ni Bwana, Pi ni Bibi). Mama yake alisimulia kwamba alianza kutembea akiwa na miezi tisa, na tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kumkalisha mahali pamoja. Hata kanisani alisimama nyuma karibu na mlango, akihamisha uzito mguu hadi mguu, na mahubiri yakizidi alitoka kutazama mvua.

Shule alianza mwaka 1964 na kuishia darasa la tatu. Mwanzoni mwa 1967 askari wa serikali, wakiwasaka waasi, walichoma kijiji na watu wote wakahamishiwa kambini kando ya barabara. Shule haikuhamishwa. Kusoma alikojua baadaye alikupata kwenye kitabu cha nyimbo, kidole juu ya mstari, akiuliza kila aliyepita.

Tarehe 12 Februari 1976 aliolewa na Pu Lianzuala, mpasua mbao, wakajaliwa mvulana na msichana. Tarehe 3 Agosti 1984, baada ya ugomvi ambao hata wao wawili walisahau ulianzaje, mumewe alisimama mlangoni akasema, "Nimekuacha." Kwa desturi yetu neno hilo linatosha. Mke anatoka na alichoingia nacho, basi. Alitoka na sanduku, kitanda chake cha kufumia, na binti wa miezi kumi na moja aliyekuwa bado ananyonya. Mvulana akabaki kwa baba.

Hakwenda kwao kulia. Alikwenda moja kwa moja barazani, mtoto mgongoni.

"Mama, desturi ndiyo hiyo," Pu Hrangkima, ambaye siku hizo alikuwa katibu wa baraza la kijiji, alimwambia.

"Nguzo sita za ile nyumba nimezibeba mimi kutoka msituni, Mzee. Nizing'oe?"

"Usituletee fujo hapa."

Kwa hiyo jina la kwanza aliloitwa lilikuwa mleta fujo. Yakafuata mengine. Mwaka 1989, alipotembea vijiji saba akikusanya alama za vidole gumba ili mke anayeachwa apate nusu ya walichojenga pamoja, polisi mmoja alimwandika mchochezi. Vijana walimwita Bibi Maandamano, ingawa mara nyingi alitembea peke yake. Mchungaji wa zamani alimwita mpotoshaji, na miaka miwili baadaye, juu ya mimbari ile ile, mwanamageuzi. Gazeti la Aizawl, mji mkuu wa jimbo, liliandika mwanaharakati. Alitaka asomewe mara mbili, kisha akauliza, "Huo ni ugonjwa au?"

Kazi yake ilikuwa kufuma, na alifuma akiwa nusu amesimama. Lakini kazi iliyomjulisha kwa watu ilianza mwaka 1996. Mpiga mbiu wa kijiji alikuwa amefariki, na Pu Hrangkima, sasa mwenyekiti, akapata wazo. Aliwaambia wenzake, "Mpeni yeye spika ya kutangazia. Mpiga mbiu hasemi yake, anasema ya baraza. Atachoka, tutapumua."

Wakasahau kwamba mpiga mbiu lazima asikie kilichoamuliwa. Hakuna mwanamke aliyewahi kuketi katika chumba kile. Kikao cha kwanza alifika na kigoda chake.

"Unakwenda wapi, Mama?" Pu Hrangkima aliuliza.

"Kazini."

"Subiri nje, utaletewa karatasi."

"Nikikosea siku ya kusafisha kisima, atalaumiwa nani? Sogea kidogo, Mzee."

Akasogea. Miaka ishirini na saba Pi Sawmliani aliingia chumba kile na hakuna aliyejua namna ya kumtoa. Ombi lake la nusu kwa nusu lilipelekwa mwaka 1999 likakataliwa. 2006 likakataliwa. Hata sheria ya jimbo ilipobadilika, baraza lilisema sheria iko Aizawl, desturi iko hapa. Kila mara alipanda kilimani na spika yake akatangaza kwa sauti tulivu, "Baraza limekataa. Waliokataa ni hawa wafuatao," akataja majina na majina ya wake zao. Inasemekana Pu Hrangkima alikula chakula baridi wiki nzima. Mkewe yupo hapa mazishini leo na hajawahi kukanusha.

Tumbo lilianza kumsumbua Septemba 2023. Hospitalini Aizawl wauguzi walimkuta mara tatu kwenye ngazi, amevaa viatu. Alirudi nyumbani mwanzoni mwa Februari, akijua.

Tarehe 24 Februari jirani yetu Ramengi aliambiwa neno lile lile mlangoni kwake. Yeye na wanawe wawili wamelala kwa Pi Sawmliani tangu siku hiyo. Mumewe ameshapata mnunuzi wa nyumba, na mnunuzi anakuja mwisho wa mwezi. Pi Sawmliani alimwita mwenyekiti kitandani, akamtaka aweke shauri la Ramengi kwenye kikao cha Jumanne, tarehe 19 Machi. Akaliweka.

"Sasa pumzika basi, Sawmi," alimwambia.

"Pigeni kura kwanza."

"Na nikikataa?"

"Spika nitapewa huko huko niendako."

Pu Hrangkima alicheka, halafu akaacha kucheka. Hakusema ndiyo. Hakusema hapana pia, na ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka arobaini.

Alifariki Ijumaa tarehe 15 Machi 2024, saa kumi na dakika arobaini alfajiri. Aliuliza leo ni siku gani. Alipoambiwa, alisema, "Bado siku nne," akajaribu kuinuka.

Familia imebishana neno gani liandikwe chini ya picha yake. Mwanawe alitaka mtetezi, binti yake mwanaharakati. Lakini mwenyewe alikuwa ameshaulizwa, akajibu, "Andikeni mpiga mbiu. Hayo mengine niliitwa tu, hili niliajiriwa."

Ameacha mwana, Biakthansanga, binti, Zothansangi, wajukuu watano na dada mmoja, Pi Rohnuni. Ameacha pia Ramengi na wanawe, waliokaa mstari wa pili.

Jana baraza lilitangaza kwamba, kama ilivyo kawaida kijiji kikiwa na msiba, shughuli zote zimesimama na kikao cha Jumanne kimesogezwa hadi mwezi ujao kwa heshima ya marehemu. Familia inashukuru kwa heshima hiyo, na inaomba iondolewe. Mwezi ujao nyumba itakuwa imeshauzwa. Wajumbe saba wote mpo hapa, majembe mkononi, mmemchimbia kaburi tangu asubuhi, na tumeona; heshima hiyo imetosha.

Mama alale salama. Kikao ni Jumanne, saa kumi na mbili jioni.