Msinililie Karibu na Kiota

Sikilizeni wanangu, watoto wa kaka yangu Nahumu, na wewe Mika acha kuchungulia nje, hilo shoka lako halitatembea lenyewe. Tabea, nigeuze. Siyo huko, huku. Funga mlango. Hapana, fungua, nataka kusikia.

Najua mnavyosema: shangazi Jeni hawezi kulala na neno, likimwingia asubuhi, jioni limefika Mlangali. Kweli! Ni mimi niliyesema Eufrasia anatia maji kwenye ulanzi, pombe yake ya mianzi ya kuuza, akaninunia miaka sita, na maji alitia. Haa! Nikicheka kifua kinachoma. Mpelekeeni chungu changu kikubwa, mwambieni nimemsamehe kwa kunifanya nimseme.

Lakini liko neno sijalitubu mbele yenu. Mimi na baba yenu tulikaa miaka kumi na miwili bila kusalimiana, hata kanisani akiniona anageuza shingo. Mlidhani tuligombania ng'ombe wa mama. Si ng'ombe. Ni ndege.

Yule wa kwenye msitu hapo nyuma, kifua rangi ya kutu, ambaye zamani kila mtu alimsikia akiimba kwenye ukungu wa asubuhi na hakuna aliyemwona. Baba yenu alimwona. Siafu wakihama yeye anawatangulia, anakaa kama kisiki, maana ndege yule anakula wadudu wanaowakimbia siafu, na ukikohoa tu, hayupo. Siku moja akanichukua. Nikaona mkia, nikacheka kwa furaha! Basi, kwisha. Akaniambia, "Dada, hata huo mkia usimsimulie mtu."

Wiki ileile nikaenda Makambako na maharage yangu, pale malori yanaposimama, nikamkuta mpishi wa Mzungu mmoja aliyekuwa anazunguka na masanduku, anapiga ndege na kuwajaza pamba. Mpishi ananiuliza, mama, kwenu kuna ndege gani? Ulimi hauna mfupa, wanangu. Nilimtajia mpaka mti. Wakaja na bunduki, wakapiga dume, wakapiga jike, mimi wakanipa kitambaa cha kichwa, cha maua, ambacho huku hakiuzwi. Jumapili baba yenu akakiona kichwani kwangu. Akageuza shingo. Msitu ukanyamaza, naye akanyamaza, tukamzika pale ukingoni hajaniita dada tena.

Niinueni kidogo. Maji. Basi, yatosha.

Sasa sikieni. Tangu mvua za kwanza ninyi mnasikia sauti yangu inakwisha. Mimi nasikia kingine. Amerudi. Siku ile siafu walipopita karibu na kaburi la Nahumu, nilijikongoja nikakaa. Nguvu ya kucheka sina, kikohozi nilikimeza. Akashuka, mwanangu! Mzima mzima, mpaka jicho. Hatua nne kutoka kaburini kuna kiota, mayai mawili. Nimekaa na neno hilo siku tisa. Ndilo linaloniua, siyo kifua.

Mika. Watu wa miwati, hiyo miti ya magome ya kuuza, wamekuahidi mbegu, na sikulaumu, una watoto. Shamba langu la juu chukua lote, panda miwati mpaka uchoke. Msitu wa baba yako usiutie shoka. Nipe mkono. Usitikise kichwa, nipe mkono. Haya. Tabea ameona.

Nizikeni ubavuni kwa Nahumu, upande wa pili, mbali na kiota. Chimbeni polepole. Pale msipige yowe, msiimbe, msipeleke watu wengi. Najua ni aibu, mimi niliyepiga vigelegele kwenye arusi zote za Igwachanya, kuzikwa kama mwizi. Watawauliza. Semeni shangazi alitaka hivyo, halafu mfunge midomo, msirithi wangu. Matanga yawe kwa Mika, kule barabarani. Huko lieni mpaka paa litoke, na atakayelia kidogo nitamjua!

Haa... Tabea, shika hapa. Shuka zangu ni zako, na kile kitambaa, kichome.

Mungu awape chakula, awape watoto, awape na masikio. Mpendane. Mkikosana, semezaneni kabla ya... kabla ya udongo. Nisogezeni mlangoni. Kidogo tena. Nyamazeni sasa.

Mnamsikia?

Nahumu, kaka... safari hii sijamwambia mtu. Hawa tu. Hawa tu, kaka.